Aina ya Tisa

Karani wa makaburi hakuinua kichwa. Alikuwa akikata karatasi kwa rula, vipande vidogo vidogo vya kuandikia ujumbe, na kila alipomaliza kimoja alikilaza juu ya mwenzake kama mtu anayegawa karata.

"Namba ya kaburi, mama."

"Sina namba, mwanangu. Najua upande tu. Ni kule chini, karibu na ukuta wa mfereji."

"Kule chini karibu na ukuta wa mfereji kuna makaburi elfu mbili na mia nne."

Mshonaji alishika ukingo wa kaunta. Siku hiyo alikuwa amefunika cherehani yake, akavaa gauni la kutokea na kutembea mwendo mrefu hadi hapo. Nyuma yake kulikuwa na foleni, na foleni ya ofisi ile ilikuwa na masikio. Wote walikuja kwa tangazo lile lile lililobandikwa mlangoni: mfereji wa maji ya mvua unapanuliwa, sehemu ya chini ya makaburi itachimbwa. Mwenye namba ya kaburi atahamishiwa marehemu wake sehemu ya juu, kwenye shimo lake mwenyewe. Asiye na namba, mifupa ya mtu wake itakusanywa na ya wengine mahali pamoja. Muda ni siku ishirini na moja.

"Marehemu ni nani wako?" karani aliuliza.

"Mwanangu. Mtoto mchanga. Sasa ni miaka ishirini na tisa."

"Alizikwa na nani?"

"Baba yake. Mimi nilikuwa hospitali, sijitambui. Nilipozinduka siku ya tatu, kila kitu kilikuwa kimeshakwisha."

"Basi muulize baba yake."

Mtu mmoja kwenye foleni alivuta pumzi kwa sauti.

"Baba yake naye alinitoka. Miaka sita," mshonaji alisema taratibu. "Yeye alikuwa akinipeleka, ananionyesha kijiti. Halafu yakaja yale mafuriko, vijiti vyote vikaenda na maji."

Karani akaweka rula chini. Alikuwa kijana bado, mwenye macho ya mtu asiyepata usingizi wa kutosha. "Pole, mama. Namba zote za zamani zipo hapa chini, kwenye mashine. Lakini mashine yenyewe haijawahi kuwaka tangu niajiriwe. Walioijua wote wamestaafu au wamekwenda. Hakuna hata kitabu chake."

"Mashine gani hiyo?"

"Kompyuta, mama. Ya zamani. Kubwa kama kabati la nguo."

"Binti yangu anatengeneza kompyuta."

Foleni ikacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ni ule uchovu wa kusimama tu, lakini mshonaji alihisi masikio yanamwaka moto. Akasubiri kicheko kiishe, kisha akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile: binti yangu anatengeneza kompyuta.

* * *

Nyumbani walikuwa watatu. Mshonaji, ambaye cherehani yake ilichukua nusu ya sebule. Kaka, mwanawe wa kwanza, mtu mzima wa miaka thelathini na saba aliyekuwa akikata sponji kwenye kiwanda cha magodoro na kurudi kila jioni na chembe nyeupe kichwani, kama mtu aliyezeeka kwa siku moja. Na binti, aliyezaliwa miaka miwili baada ya yule mtoto wa makaburini. Huyu mtaa mzima ulimwita Fundi, na mama yake pia alimwita hivyo, mwanzo kwa utani, baadaye kwa mazoea.

Walikuwa wanakula mama alipoeleza. Kaka aliacha kutafuna.

"Ya nini yote hayo?" alisema. "Waacheni walale."

"Watalalaje na tingatinga linakuja?" Fundi akajibu.

"Watakusanywa, watazikwa pamoja. Kuna ubaya gani? Mtoto mchanga hana cha kupoteza."

Mama yake alimtazama kama aliyepigwa kofi na mgeni. "Mimi ndiye ninayepoteza," alisema.

Kaka alisukuma sahani, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango kwa komeo. Fundi alishangaa. Ndugu yake hakuwa mtu wa maneno makali. Alikuwa mtu wa kubeba ndoo za majirani wazee bila kuombwa. Lakini kila tarehe kumi na nne ya mwezi wa mvua, siku mtoto yule alipozikwa, mama yao alipotaka kwenda makaburini, Kaka alikuwa na kazi ya ziada.

* * *

Kwenye chumba cha chini cha ofisi ya makaburi kulikuwa na baridi ya aina yake, ya mahali ambapo hakuna mtu aliyepumua kwa muda mrefu. Mashine ilisimama ukutani, rangi ya maziwa yaliyochacha, na kando yake kioo kinene na printa yenye upana wa meza. Karani alisimama kwenye ngazi ya mwisho, hakutaka kukanyaga sakafu.

"Wafagiaji hawashuki huku," alisema. "Wanasema inapumua."

"Imezimwa. Itapumuaje?"

"Mimi nakuambia wanachosema."

Fundi alifungua kabati la vitabu. Lilikuwa tupu, vumbi tupu, ila kwenye rafu kulikuwa na karatasi tatu zilizogundishwa kwa gundi, zimeandikwa kwa mkono ulionyooka: KITABU CHA KWANZA, KITABU CHA PILI, KITABU CHA TATU. Juu ya kila karatasi palikuwa na nafasi safi, isiyo na vumbi jingi kama pengine, kama alama ya picha iliyoondolewa ukutani.

"Vilikwenda wapi?"

"Sijui, dada yangu. Nilivikuta havipo."

Alitafuta jina la mashine nyuma yake, akaliandika kwenye kiganja. Kwa siku nne, kila mteja alipotoka dukani kwake, Fundi alikaa kwenye intaneti akitafuta. Kampuni iliyotengeneza mashine ile ilikuwa imekufa kabla yeye hajaanza shule. Kampuni iliyoinunua nayo ilikuwa imeuzwa. Walioinunua hiyo ya pili waliandika barua fupi kwamba hawana kumbukumbu zozote za bidhaa hiyo. Akaingia kwenye vikundi vya watu wanaokusanya kompyuta za zamani kama wengine wanavyokusanya stempu. Aliuliza. Wengi walimjibu kwa huruma, wengine kwa mzaha. Mmoja alimwambia mashine hiyo ni ya kuuza kama vyuma chakavu.

Siku ya tano, mtu asiyejulikana sura wala nchi alimwandikia: *Ninacho kitabu cha kwanza na cha pili vya mashine hiyo. Nilivikuta kwenye jaa. Unavitaka vya nini?*

Fundi alimwandikia ukweli. Hakupata jibu siku nzima. Asubuhi iliyofuata zilikuwa zimeingia picha mia tatu na kumi na mbili, ukurasa baada ya ukurasa, nyingine zikionyesha kidole gumba cha mpigaji kikishikilia karatasi isijikunje. Mwishoni aliandika: *Cha tatu hakikuwahi kuchapishwa na kampuni. Kila mteja aliandika chake, kufuatana na biashara yake. Hicho mtatafuta kwenu.*

* * *

Mama alisisitiza kuwapo. Alishuka ngazi akiwa na kiti chake cha kushonea, akakiweka katikati ya chumba, akakaa na mikono mapajani kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

Kwa siku mbili Fundi alikuwa amesafisha, amebadilisha nyaya zilizoliwa na panya, amekausha unyevu kwa feni. Sasa alisoma kutoka kwenye simu: swichi ya kwanza, subiri, swichi ya tatu, subiri hadi taa iwe ya kijani, ndipo ya pili. Bila kitabu kile asingejua kamwe kwamba ya tatu inatangulia ya pili. Yeyote ambaye angejaribu kwa mfuatano wa kawaida angeunguza diski, na majina yote yangekwenda nayo.

Mashine ilikoroma. Kisha, kweli, ilipumua. Hewa ya vumbi ilitoka kwenye matundu yake, ndefu, vuguvugu, yenye harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni. Karani alipanda ngazi mbili kinyumenyume.

Na kabla Fundi hajagusa chochote, printa ikaanza.

Haikuwa imeamriwa. Kichwa chake kilikwenda kushoto na kulia kwa kelele za bati, karatasi ikasogea kidogo, ikakoma. Fundi aliinama. Kwenye karatasi iliyogeuka manjano kulikuwa na mstari uliokatika katikati, wino wake umefifia kwa miaka: *Ndugu wa marehemu, tunapenda kuwaju*. Na mbele yake, kwa wino hafifu lakini mpya: *lisha kwamba*. Halafu basi.

"Ilikuwa inaandika barua umeme ulipokatwa," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko alivyotaka. "Imemalizia ilichokumbuka. Ni jambo la kawaida."

"Kawaida ya wapi?" karani aliuliza kutoka juu.

Kioo kilijaa mwanga wa kijani. Fundi aliandika jina la baba yake, maana mtoto angezikwa kwa jina la ukoo. Hakuna. Akajaribu jina la babu. Hakuna.

"Tafuta tarehe," mama alisema. "Tarehe kumi na nne. Mwaka unaujua."

Majina yakaja polepole, moja moja, kila moja likijiandika kutoka kushoto kama linaloandikwa na mkono. Siku ile walizikwa kumi na mmoja. Fundi alisoma kwa sauti ili mama asikie. Alisoma la kwanza, la pili, la tatu. La nne hakulisoma.

"Nini?" mama aliuliza. "Mbona umenyamaza?"

Fundi alijaribu kukaa mbele ya kioo, lakini mama alikuwa ameshasimama. Miwani yake ya kushonea ilikuwa puani. Aliinama, akasoma akifuatisha kwa kidole, kama anavyofuata mshono.

Lilikuwa jina lake. Lake, la baba yake, la babu yake, yote matatu, bila kosa la herufi hata moja. Baada yake tarehe ya kuzikwa. Baada ya tarehe: *E 12 031 9 02*.

Mama hakupiga kelele. Aligusa kioo, pale penye jina, kwa ncha ya kidole, na kioo kikatoa cheche ndogo ya vumbi na umeme. Akaurudisha mkono wake na kuutazama.

"Kumbe," alisema.

* * *

Karani hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa fomu. Siku iliyofuata alikaa nyuma ya kaunta yake, karatasi aliyochapa Fundi ikiwa mbele yake, na akazungumza bila kumtazama mshonaji usoni.

"Mama, shida ni hii. Kaburi lipo, namba ipo. Lakini aliyezikwa humo ni wewe."

"Mimi huyu?"

"Kwa mujibu wa kumbukumbu. Na anayeomba kuhamisha kaburi ni lazima awe ndugu wa marehemu aliye hai. Sasa mimi nikiandika kwamba marehemu ameomba kujihamisha mwenyewe, mkubwa wangu atanifukuza kazi."

Mtu kwenye foleni akaangua kicheko, akakikatisha. Safari hii hakuna aliyemfuata. Mwanamke aliyesimama nyuma ya mshonaji alirudi nyuma hatua moja, akamvuta mtoto wake.

"Nifanye nini basi?"

"Lete uthibitisho kwamba uko hai," karani alisema, na papo hapo akaona aibu ya maneno yake. "Namaanisha, barua ya serikali ya mtaa. Na maelezo ya kwa nini jina lako liko humu. Bila maelezo hawatasaini."

Zilikuwa zimebaki siku nane.

Habari ilifika mtaani kabla mshonaji hajafika. Wateja wawili walituma watoto kuja kuchukua vitambaa vyao visivyoshonwa. Jirani aliyezoea kuingia bila hodi alisimama mlangoni, akasalimia, akaondoka. Mshonaji mwenyewe alibadilika. Fundi alimkuta mara kwa mara amekaa mbele ya cherehani, mguu uko kwenye kanyagio lakini haukanyagi, vidole viwili viko kwenye kifundo cha mkono wake mwingine, anahesabu mapigo.

"Mama, ni kosa la karani wa zamani tu."

"Nilipozinduka siku ile," mama alisema, "nesi aliniangalia kwa mshangao. Aliniambia, 'Mama, ulikuwa umekwenda.' Nilidhani anasema kwa mafumbo." Akahesabu tena mapigo. "Labda nilikwenda kweli, Fundi. Labda aliyerudi hapa kupika na kushona na kukuzaa wewe ni mtu mwingine tu anayefanana nami."

"Usiseme hivyo, nakuomba."

"Nasema tu. Miaka yote hii najihisi kama kuna kitu changu kiko chini."

Kaka aliposikia kuhusu jina kwenye kioo, uso wake ulipauka hadi midomo. Tangu jioni hiyo alikuwa akija kusimama nyuma ya mama yake wakati anaosha vyombo, akimtazama mgongo unavyopanda na kushuka.

* * *

Karani ndiye aliyekuja dukani kwa Fundi, siku ya tatu kabla ya mwisho, amebeba karatasi yenye anwani.

"Nimeuliza kwa wastaafu," alisema. "Kuna mtu walikuwa wanamwita Mzee Kadi. Ndiye aliyeandika vitabu vile. Wanasema alipostaafu aliondoka navyo, kwa sababu mkubwa wa wakati ule alitaka kuvichoma." Akasita. "Mama yako hajambo?"

"Yuko hai," Fundi alijibu, na karani akainamisha kichwa.

Mzee Kadi aliishi ghorofa ya tatu, kwenye vyumba viwili vilivyojaa makaratasi hadi kwenye madirisha, kiasi kwamba mchana ule ndani kulikuwa na giza la machweo. Alikuwa mdogo wa mwili, amevaa shati lililofungwa vifungo vyote, na mkewe ndiye aliyewafungulia mlango Fundi na mama yake.

"Shikamoo, mzee," Fundi alisema.

"Marahaba. Mmetoka kwa wateja wangu?"

"Wateja gani, mzee?"

"Wa kule chini. Elfu kumi na moja, mia sita na arobaini. Niliwaingiza wote, au niliwafundisha waliowaingiza. Hakuna aliyelalamika hata siku moja." Alicheka peke yake, kicheko kikavu. "Wanaendeleaje?"

"Wanahamishwa," mshonaji alisema.

Mzee akaacha kucheka. Alimtazama kwa mara ya kwanza. Fundi alimpa karatasi, akamweleza. Alisoma jina, akasoma namba, kisha akamgeukia mkewe. "Cha tatu kiko wapi?"

"Chini ya friji," mkewe alisema. "Mguu wake umevunjika tangu mwaka juzi. Ulisema hakuna atakayekuja kukiuliza."

Wakainua friji wote wanne. Kitabu kilikuwa kinene kama tofali, kimebonyea upande mmoja, kurasa zake zimepigwa chapa kwa mashine ya kawaida na kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mzee Kadi alikifuta kwa kiwiko cha shati lake. Hakufungua mwanzo. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja mahali kilipotaka.

"E ni eneo. Kumi na mbili ni mstari. Thelathini na moja ni kaburi. Hayo mnayajua. Sasa hapa, tisa. Tisa ni aina ya marehemu. Moja ni mwanamume mtu mzima, mbili mwanamke, na kuendelea. Soma tisa, binti."

Fundi akasoma: "'Aina ya tisa. Mtoto mchanga aliyefariki kabla ya kupewa jina. Kwa kuwa mashine haikubali nafasi ya jina iachwe tupu, mwandishi ataingiza majina matatu ya mama mzazi.'"

Mshonaji alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake, akakiachia.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, mama. Wewe uliazimwa jina tu." Mzee alizungumza kwa upole asiokuwa nao mwanzo. "Nilijua siku moja itamsumbua mtu. Nilimwambia mkubwa, tuweke hata alama ya nyota. Akasema, nani atasoma?"

Mshonaji akacheka, mara machozi yakatoka, akayafuta kwa ncha ya kitenge, akacheka tena. Alimshukuru mzee, akamshukuru mke wake, akaishukuru hata friji. Alikuwa ameshasimama kuaga Fundi alipouliza, kwa mazoea ya kazi tu, ya kutopenda kuacha kitu kisichoeleweka:

"Na hii sifuri mbili ya mwisho, mzee?"

Mzee Kadi hakufungua ukurasa. Alikuwa ameshaiona tangu mwanzo.

"Keti, mama," alisema.

"Nimeketi siku nyingi. Sema."

"Ni idadi ya miili."

Nje, mtu alikuwa akipiga honi, mara moja, mara mbili, akaacha.

"Inaweza kuwa kosa la uandishi," Fundi alisema haraka. "Mtu akiteleza kidole."

Mzee alitikisa kichwa. "Mashine ilikuwa inaweka moja yenyewe. Ili iwe mbili, ni lazima mtu aifute ile moja kwa mkono wake, aandike mbili. Halafu mashine inamuuliza: una hakika? Naye ajibu ndiyo. Niliiweka hivyo makusudi."

* * *

Kaka alirudi jioni na chembe za sponji kichwani. Aliwakuta sebuleni, cherehani imefunikwa, mama yake amekaa kwenye kiti cha baba yao.

"Walikuwa wawili," mama alisema.

Hakuwa anauliza, wala Kaka hakujifanya kutoelewa. Aliketi sakafuni pale pale mlangoni, mtu mzima na miguu yake mirefu, mgongo kwenye ukuta.

"Nilikuwa na miaka minane," alisema. "Baba alikuja kunichukua shuleni. Tulikwenda hospitali, akaingia, akatoka na vifurushi viwili vya shuka jeupe. Hakuwa na namna ya kuvibeba vyote na mwavuli, mvua ilikuwa inanyesha. Akanipa kimoja. Tukaenda kwa miguu."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Daktari alimwambia haijulikani kama utapona. Njiani baba akaniambia, mama yako akijua walikuwa wawili, atakufa. Akaniapisha. Alisema, siku utakayosema, siku hiyo mama atakufa." Kaka alikung'uta chembe za sponji nyweleni. "Nadhani alisema tu ili ninyamaze. Nilipokuwa mkubwa nilijua hivyo. Lakini sikuweza kusema, mama. Kila nilipofungua kinywa nilikuona umelala. Halafu huyu akaja kusema jina lako liko kwenye orodha."

Macho yake hayakuondoka usoni kwa mama yake, na Fundi alielewa anachofanya ndugu yake: alikuwa anasubiri. Alikuwa ameshasema, na sasa, na mvi zake za kiwandani na ndevu zake, alikuwa anasubiri kuona kama mama atakufa.

Mama naye alielewa. Alinyoosha mkono.

"Njoo ushike hapa," alisema. "Kwenye kifundo. Hapo. Unasikia?"

"Nasikia."

"Basi kaa hapo hapo hadi uchoke."

Alikaa muda mrefu. Fundi aliwasha taa, akaweka maji ya kuoga, akarudi, akawakuta vile vile. Mama alikuwa anatazama dirisha. Hakumlaumu mtoto wake. Aliyemlaumu hakuwapo, na lawama isiyo na wa kuipokea ilimkaa usoni kama ugonjwa.

* * *

Karani aliandika maelezo kwa mkono wake mwenyewe, akabandika nakala ya ukurasa wa aina ya tisa, akasimama mlangoni kwa mkubwa wake hadi saini ikapatikana. Siku ya mwisho, asubuhi, walikwenda E, mstari wa kumi na mbili. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mfereji. Tingatinga lilikuwa limeegeshwa umbali mfupi, dereva wake anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa, na kwa heshima hakuliwasha.

Wachimbaji wawili walichimba kwa majembe madogo, kisha kwa mikono. Walichokipata kilikuwa kidogo mno: vipande vya shuka vyenye rangi ya udongo, na ndani yake vitu vyepesi kama vijiti vya kiberiti. Vilikuwa mahali pawili, vimewekwa ubavu kwa ubavu, vimeelekezwa upande mmoja. Mchimbaji mzee alivua kofia. Fundi alikuwa amekuja na visanduku viwili vya mbao, na wakajaza kimoja, wakajaza cha pili, na hakuna aliyejua yupi ni yupi.

Wakaanza kupanda kilima kwenda sehemu ya juu. Fundi alibeba kimoja. Kaka alibeba cha pili kwa mikono yote miwili, akikanyaga kwa uangalifu, macho yako kwenye matope. Mama alitembea kando yake, akishika kiwiko chake. Katikati ya kilima alisimama kuvuta pumzi, nao wakasimama.

"Siku ile," alimuuliza mwanawe, "yule uliyembeba wewe, alikuwa mzito?"

Kaka alifikiri. Ilikuwa wazi kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza, na kwamba jibu lilikuwa pale, zima, miaka yote hiyo.

"Hapana, mama. Mkono ndio ulichoka, njia ilikuwa ndefu. Baba aliniambia nisimwangushe." Sauti yake ilikatika, akaitafuta, akaipata. "Sikumwangusha."

Mama alimtengenezea kola ya shati. Wakaendelea kupanda.